Unene wa mbao si kipimo cha sauti ya gitaa

Wengi wanaoagiza gitaa kwa fundi hapa Kisumu huamini kwamba mbao nene ndizo zinazoleta sauti kubwa na uimara, imani inayoeleweka, kwa kuwa meza na milango tunavinunua kwa kipimo hicho hicho. Gitaa, hata hivyo, husikika pale nyuzi zinapoutikisa ubao wa mbele, nazo hazina nguvu ya kutikisa ubao mzito. Nyatiti yetu yenyewe, ala ya nyuzi ya Waluo, hulia kwa ngozi iliyowambwa, si kwa gogo. Kwa hiyo ubao huo hupunguzwa hadi takriban milimita 3, kisha hugundishwa ndani vijiti vyembamba vya kuushikilia, maana nyuzi sita za chuma huuvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Ustadi wa fundi uko hapo hasa: ubao uwe mwembamba wa kutosha kuimba, lakini usipinde.

Jambo hili mnunuzi anaweza kulihakiki mwenyewe. Mwombe fundi akuonyeshe ubao kabla haujagundishwa, uushike ukingoni kwa vidole viwili, uugonge taratibu kwa kifundo cha kidole, kisha usikilize: ubao mzuri huendelea kulia baada ya kugongwa, ilhali ulio mnene kupita kiasi hutoa sauti nyembamba zaidi.