Je, wajua kwa nini mgeni Kisumu hununua miaka badala ya ardhi?

Chukua ploti mbili zilizopakana kule Riat, zote zina hati ya umiliki wa kudumu. Ya kwanza inanunuliwa na mwalimu kutoka Kakamega, ya pili na daktari wa Mwanza, Tanzania, aliyehamia Kisumu kikazi. Bei ni ile ile, wakili ni yule yule, siku ya kutia sahihi ni moja. Mwalimu ameondoka na ardhi ambayo wajukuu wa wajukuu wake watairithi. Daktari ameondoka na miaka isiyozidi 99.

Sababu iko katika kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Asiye raia anaweza kushika ardhi kwa njia ya kukodi tu, na mkataba hauwezi kupita miaka 99. Hata karani akikosea, au muuzaji akikuahidi umiliki wa kudumu na kuuandika kwenye makubaliano, kifungu hicho kinasema maneno hayo yasomwe kama miaka 99, basi. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu umeambiwa hati ni ya kudumu. Udumu huo hauhami nawe.

Namba yenyewe ina historia. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 99. Wakanung'unika kwamba ni michache, na mwaka 1915 serikali ya kikoloni ikaipandisha hadi 999. Wenyeji waliofukuzwa kwenye ardhi hiyo hawakuulizwa. Katiba ilipoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, mikataba mirefu iliyokuwa mikononi mwa wasio raia ilikatwa kuwa miaka 99, pamoja na ile ya mashamba makubwa ya chai kule Kericho. Anayelalamika kwamba kifungu hiki kinawaonea wageni aikumbuke kwanza miaka 999.

Wanaoshtuka zaidi ni ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja inawarahisishia Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda kufanya kazi na kuishi Kenya, lakini kifungu chake cha 15 kinaacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Mbele ya masijala ya ardhi, Mganda wa Jinja na Mdenmarki wana hadhi moja. Mkenya wa kuzaliwa mwenye uraia wa nchi mbili hahesabiwi mgeni. Aliyepoteza uraia zamani kwa kuchukua pasipoti ya nje aanze kwa kuurudisha, ndipo atafute ploti. Mpangilio huo peke yake unaweza kumpa ardhi ya kudumu badala ya miaka 99.

Sasa njoo kwenye karatasi yenyewe. Kabla hujaenda kuona nyumba, omba namba ya ploti, kwa sababu namba hiyo inaeleza mengi. Ikianza kwa Kisumu Municipality, kisha neno Block na tarakimu, uko kwenye ardhi ya mji iliyopimwa na kutolewa na serikali, na sehemu kubwa ya Milimani ni ya namna hiyo. Hapo mara nyingi umiliki ni wa kukodi hata kwa Mkenya. Namba ikisomeka Kisumu/Kogony, Kisumu/Dago au Kisumu/Wathorego, hiyo ni ardhi iliyokuwa ya koo na ikagawiwa familia, na kwa kawaida umiliki wake ni wa kudumu. Ndiyo ya bei nafuu zaidi. Ndiyo pia inayozamisha watu.

Kwanza kuna kilimo. Sheria ya Kudhibiti Ardhi, sura ya 302, inataka kila mauzo ya ardhi ya kilimo yapate idhini ya bodi ya ardhi, na inaiamuru bodi ikatae mnunuzi akiwa si raia, au akiwa kampuni binafsi yenye mwanachama asiye raia. Rais peke yake ndiye anayeweza kutoa msamaha. Bila idhini, mauzo ni batili na ulichobaki nacho ni deni la kumdai muuzaji, ambaye huenda pesa ameshazila. Kuambiwa kwamba ploti iko ndani ya mipaka ya jiji hakumalizi swali, kwa sababu waziri ana uwezo wa kutangaza eneo la mjini kuwa la kilimo. Mwambie wakili akujibu kwa maandishi kama ploti inahitaji bodi au la.

Pili kuna familia. Hati nyingi za namna hii bado zina jina la babu aliyefariki. Mjukuu anayekuonyesha mipaka hana cha kuuza mpaka mahakama imalize mirathi na jina lihamie kwa warithi. Mke au mume wa muuzaji naye lazima akubali kwa sahihi ikiwa mali ni ya ndoa. Tembea kwenye ploti nzima na uulize kuhusu makaburi. Kwa Wajaluo, dala, yaani boma la familia, ni mahali pa kuzikwa, na ploti yenye kaburi ina watu ambao hawajaiaga hata kama karatasi zimekamilika. Kaa na wazee wa hapo na uwasikilize kabla pesa haijatoka.

Mtego mbaya kuliko yote huja ukiwa na sura ya msaada: "Tuandike kwa jina langu, wewe utakaa tu." Rafiki, mchumba au mfanyakazi mwenzako Mkenya anashika hati, wewe unalipa. Katiba imeliona hilo. Mali iliyo chini ya udhamini huhesabiwa ya raia pale tu wanufaika wote wakiwa raia, na kampuni ni raia pale tu hisa zote zikiwa za raia. Mgeni mmoja mwenye hisa moja anaigeuza kampuni nzima kuwa mgeni. Na huyo mwenye jina kwenye hati anaweza kuuza, kukopea, au kufariki na nyumba yako ikaingia kwenye mirathi ya watoto wake. Tunakusihi, usikubali, hata akiwa mtu mwema.

Kwa ardhi ya mji, swali kubwa ni miaka iliyobaki. Mkataba huhesabiwa tangu siku serikali ilipoitoa ploti. Siku uliyonunua wewe haianzishi hesabu upya. Tuseme nyumba ya Milimani ina mkataba wa miaka 99 tangu tarehe 1 Januari 1961. Ukiinunua mwanzoni mwa 2026, unanunua miaka 34, hata kama imepakwa rangi jana. Muda ukiisha, Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye ploti nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena, ila akiwa raia wa Kenya. Wewe huna nafasi hiyo. Kwa hiyo mkataba mfupi unakuumiza wewe kuliko jirani yako Mkenya, na bei inapaswa kuonyesha hivyo. Mtake muuzaji aombe kuongezewa muda kabla ya mauzo, akiwa bado yeye ndiye mwenye hati.

Fleti ni njia rahisi zaidi. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, kila fleti hupewa hati yake, ingawa hati hiyo haiwezi kuishi kuliko muda wa ardhi iliyo chini ya jengo. Hapa mambo ya bodi, mipaka na makaburi hayakusumbui sana. Uliza tu kama hati ya fleti ile imeshatoka, au bado mjenzi anashikilia hati mama, ile ya ardhi yote ya jengo.

Serchi rasmi, yaani upekuzi wa rekodi kwenye masijala ya ardhi, inakuonyesha vitu vitatu: aina na muda wa umiliki, jina la mwenye mali, na vizuizi kama mkopo wa benki au zuio la mtu anayedai. Ifanye mara mbili, kabla ya kulipa amana na tena siku chache kabla ya kukamilisha, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa katikati. Amana ya kawaida ni asilimia 10, ishikwe na wakili, na kukamilisha hupewa siku 90. Katika siku hizo muuzaji analeta cheti cha kaunti kwamba hadaiwi reti, yaani kodi ya mali ya kaunti, cha wizara kuhusu kodi ya ardhi, na idhini ya kuhamisha. Wewe utahitaji PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, na kwa mkazi wa kigeni hiyo huanza na kadi ya mgeni. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, juu ya thamani atakayoiandika mthamini wa serikali. Mmekubaliana milioni 10, yeye akaandika 12? Utalipa 480,000 wala si 400,000, kwa hiyo weka akiba. Ile asilimia 15 ya faida ni mzigo wa muuzaji.

Kwa haya yote, ni busara kupanga nyumba kwanza mpaka masika ya Machi hadi Mei yapite. Nyamasaria na sehemu za Nyalenda hupendeza Januari na kujaa maji Aprili. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuingia kwenye nyumba za kando ya maji. Ajenti lazima awe amesajiliwa chini ya sheria ya mawakala wa nyumba, hivyo omba namba yake kabla ya kumtumia hata shilingi ya kuonyeshwa nyumba. Mkataba wa miaka miwili au chini hauhitaji kusajiliwa, ila uandikwe, na useme dipoziti itarudishwa lini na itakatwa kwa lipi.

Ukiwa ndani ya nyumba, fungua bomba la ghorofa ya juu saa moja asubuhi, wakati ploti nzima inaoga. Kule Riat maji hupandishwa mlima, na tangi la lita 5,000 linalogawanywa na familia sita ni kama lita 830 kwa kila nyumba. Kisha omba kuona mita ya stima na uweke tokeni ya shilingi 50. Ukiwasha taa na mita hiyo isibadilike, huenda umeme wako unapita kwenye mita nyingine, labda ya jirani.