Fremu ya kifyatulio: ukiibadilisha, nini kinabadilika?

Mpwa wangu wa hapa Mikindani aliletewa bunduki ya rangi, ile inayochezewa kwa kurushiana vidonge vya rangi. Haikupita wiki akanijia na simu mkononi: "Mjomba, kuna fremu mpya ya kifyatulio inauzwa. Nikiifunga si itapiga mbali zaidi?"

Haitapiga mbali zaidi hata kwa hatua moja. Nalisema mapema kwa sababu vijana wengi wanatoa pesa kwa kudhani hivyo, na inaniuma kuona pesa ya msimu wa korosho ikiishia kwenye chuma ambacho mwenyewe hajui kazi yake.

Bunduki yenyewe hurusha kidonge cha jelatini chenye rangi ndani, upana wake milimita 17 hivi, kwa nguvu ya gesi. Asili yake ni kazi za misitu na mifugo. Bunduki iitwayo Nelspot 007 ilitengenezwa Marekani ili watu wa misitu waipige alama miti kwa mbali, na wafugaji ng'ombe wao. Waliowahi kuona miti ikitiwa alama kabla ya kukatwa, kama kule Rondo mkoani Lindi, watafahamu mara moja kwa nini kifaa hicho kilihitajika. Mchezo wenyewe ulianza mwaka 1981 huko New Hampshire, wakacheza watu 12.

Sasa fremu. Ni kile kipande cha chini unachokikamata: kina mshikio, kifyatulio, kinga ya kidole, kitufe cha usalama na springi ndogo. Katika bunduki nyingi hushikiliwa na skrubu mbili tu, ukizifungua kinatoka kizima. Lakini si zote. Bunduki aina ya Tippmann 98 mwili wake umepasuliwa pande mbili kama chaza, na kifyatulio kimo ndani humohumo. Hapo hakuna fremu ya kung'oa, unabadilisha kifyatulio na kinga yake basi.

Kazi yake ataielewa haraka aliyewahi kutega panya wa shambani. Mti umepindwa, una nguvu zote, lakini umezuiwa na kijiti kidogo. Panya akigusa chambo, kijiti kinachomoka na mti unafyatuka. Ndani ya bunduki, mti uliopindwa ni nyundo yenye springi nyuma yake, na kijiti ni ndoano ndogo ya chuma. Kidole kinavuta kifyatulio, kifyatulio kinasukuma ndoano, ndoano inaachia nyundo, nyundo inagonga vali na gesi inatoka. Panya awe mzito au mwepesi, mti utafyatuka kwa nguvu ileile. Ndiyo maana mwendo wa kidonge unategemea springi ya nyundo na gesi, wala si kidole. Mwendo huo viwanjani hauruhusiwi kuzidi futi 300 kwa sekunde, karibu mita 91.

Basi fremu mpya inaleta nini? Inaleta wepesi. Kifyatulio kirefu cha vidole viwili ni kama kufungulia nati kwa spana ndefu: unatumia nguvu kidogo, na vidole vinaweza kupokezana. Nyingine zina skrubu ndogo za kupunguza ule mwendo wa bure kabla ndoano haijaguswa, kama mwendesha bodaboda anavyopunguza ulegevu wa klachi. Fremu za umeme hutumia betri: kidole kinabonyeza swichi tu, na sumaku ya umeme ndiyo inayovuta ndoano. Kwa hewa yetu ya chumvi, hizo zinahitaji kufutwa na kukaushwa mara kwa mara.

Wepesi una gharama yake. Ukifyatua haraka kuliko vidonge vinavyoshuka kutoka kwenye kopo lake la juu, kimoja kitanaswa nusu njia na kupasukia ndani. Na ukiwa na bunduki aina ya Autococker, kifyatulio chake pia kinaendesha vali inayorudisha nyundo nyuma, kwa hiyo kubadilisha fremu kunataka kupanga upya mfuatano wa mambo yote hayo. Usimwachie kazi hiyo anayebahatisha.

Tuliifunga ile fremu barazani, juu ya kitenge ili springi isiruke ikapotea. Gesi tulikuwa tumeitoa. Kabla ya hapo tulipima kifyatulio cha zamani: tukaning'iniza ndoo ndogo kwa kamba, tukatia korosho za maganda kiganja kwa kiganja mpaka ndoano ikaachia. Mizani ya dukani ikasema karibu kilo moja na nusu. Kwa fremu mpya, ndoo haikufika nusu ya uzito huo.

Kijana akafurahi. Mimi nikavuta nyundo nyuma, usalama nikauacha wazi, nikaipiga bunduki ubavuni kwa kiganja. Mara ya tatu nyundo ikafyatuka yenyewe, hakuna aliyegusa kifyatulio. Ndoano ilikuwa imeshika kwa ncha tu. Nikarudisha ile skrubu ya mwendo wa bure nusu mzunguko, nikapiga tena mara 20, haikuachia. Hapo ndipo nilipomruhusu afunge chupa ya gesi, kizuizi kikiwa kwenye mtutu na kinyago kikiwa usoni.