Kupunguza matiti si kukatwa matiti

Saluni ya mtaani kwetu ina kiti kimoja cha kuoshea nywele na midomo isiyopungua minane. Wiki iliyopita mama aliyekuwa kwenye kiti alikuwa na habari za binti wa jirani yake, miaka kumi na tisa.

"Wamemkata matiti mtoto wa watu."

Msusi akasimamisha kitana hewani. "Kansa?"

"Kansa wapi! Urembo tu. Si ile plastiki yao."

Nilikuwa na dawa kichwani, sikuweza kuondoka, nikasikiliza mpaka mwisho. Maneno hayo matatu, kukata, urembo na plastiki, nimeyasikia yakifungwa kwenye fungu moja mara nyingi mno, na kila mara anayebebeshwa ni msichana fulani ambaye hayupo.

Maana yenyewe ni fupi. Kupunguza matiti ni upasuaji wa kutoa sehemu ya nyama, mafuta na ngozi ya titi ili libaki dogo na jepesi zaidi, huku chuchu ikipandishwa ikae panapofaa. Mgonjwa huchomwa dawa ya usingizi, kazi huchukua kama saa mbili mpaka nne, na makovu hubaki, ingawa hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Basi.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Kupunguza, kwa Kiswahili chetu, ni lazima kitu kibaki. Punguza bei, punguza chumvi, punguza sauti. Kibao cha "punguza mwendo" karibu na shule hakimwambii dereva azime gari. Upasuaji wa kuondoa titi lote upo, na mara nyingi sababu yake ni saratani; hospitali huuita hivyohivyo, kuondoa titi. Hata huko "kukatwa" ni neno la kuumiza. Kulihamishia kwa binti ambaye matiti yake yote mawili yapo kifuani ni uzushi, tena uzushi unaomfuata mpaka siku ya kuposwa.

(Wapo wanaosema "kupunguza maziwa", maana ziwa nalo ni jina la titi. Si kosa. Ila ukilisema mbele ya mama anayenyonyesha, ataelewa yamejaa kupita kiasi na atakushauri majani ya kabichi.)

Mfano ulio karibu zaidi ni fundi cherehani. Ukimpelekea gauni akupunguzie kifua, hachukui mkasi akatupa kipande cha mbele. Anapima, anachora kwa chaki, anatoa kitambaa kilichozidi, kisha anaunganisha mshono upya mahali ambapo jicho halitasumbuka. Na huu si mfano niliouokota tu: mwaka 1956 daktari wa Marekani Robert Wise alichapisha ramani ya kuchora titi kabla ya kulipasua, na aliitoa kwenye ruwaza za kushonea sidiria. Ramani hiyo inatumika mpaka leo. Ndiyo maana kovu la upasuaji huu mara nyingi lina umbo la nanga: duara kuzunguka chuchu, mstari unaoshuka, na mwingine unaolala kwenye mkunjo wa chini. Chuchu nayo kwa kawaida haing'olewi. Huachwa ikishikiliwa na kipande cha nyama chenye mishipa yake ya damu na ya fahamu, ikahamishwa pamoja nacho.

Ile "plastiki" ndiyo inayonichosha kuliko yote. Watu wanadhani upasuaji wa plastiki umeitwa hivyo kwa sababu kuna plastiki inaingizwa mwilini. Katika kupunguza matiti hakiingizwi kitu chochote, kinatoka. Neno lenyewe limetoka Kigiriki, plastikos, yaani kinachofinyangika. Mwaka 1838 daktari Mjerumani Eduard Zeis alikuwa tayari ameandika kitabu kizima cha upasuaji wa aina hii akitumia jina hilo, wakati Leo Baekeland alikuja kutengeneza plastiki yake maarufu, Bakelite, mwaka 1907. Kwa hiyo ndoo ya plastiki ndiyo iliyokuja baadaye. Tungekuwa tumelitafsiri mapema tungesema upasuaji wa ufinyanzi, na saluni nzima ingeelewa. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, vyumba vya upasuaji havikuguswa. Hospitali ya Muhimbili Mloganzila wanapotangaza huduma hizi wanasema upasuaji rekebishi, na mimi nalipenda neno hilo, maana linakulazimisha uulize: kuna nini cha kurekebisha?

Kipo. Binti mwenye matiti mazito kupita mwili wake utamjua kabla hajasema. Anavaa sidiria mbili kwa pamoja, anabeba daftari kifuani, mpira wa pete aliuacha kidato cha pili. Akivua kamba za sidiria mabegani kuna mitaro miwili myekundu isiyofutika usiku. Chini ya matiti, mwezi wa Februari Dar es Salaam, kuna upele wa jasho unaogeuka kidonda. Shingo na mgongo vinamuuma akiwa na umri ambao wenzake hawajui mgongo uko wapi. Mama mkubwa anamwambia akae wima. Angeweza, angekaa.

Hata kampuni za bima ziligundua zamani kwamba mpaka wa urembo na tiba hapa haujachorwa vizuri. Mwaka 1991 daktari Paul Schnur wa Marekani alitengeneza jedwali linalolinganisha ukubwa wa mwili na gramu zinazotarajiwa kutolewa kila upande, na kampuni za bima za huko zikaligeuza mzani wa kuamua nani alipiwe. Gramu chache, wewe unatafuta urembo. Gramu nyingi, wewe ni mgonjwa. Ni kipimo cha ajabu kidogo, kana kwamba maumivu yanauzwa kwa kilo, lakini angalau kinakubali kwamba kuna mgonjwa.

Anayetaka mfano wa hadharani yupo Simona Halep, mchezaji tenisi wa Romania. Alipunguza matiti mwaka 2009, akiwa na miaka 17, akieleza kwamba uzito ulikuwa ukimchelewesha kuufikia mpira. Alitwaa French Open mwaka 2018, na mwaka uliofuata akamfunga Serena Williams kwenye fainali ya Wimbledon. Sisemi upasuaji ndio uliompa vikombe. Nasema hakuna aliyemtazama siku ile akasema amekatwa.

Halafu kuna "bado mdogo". Hili ni neno la kweli lililowekwa mahali pasipo pake. Wengi wanalisema kwa maana ya heshima: hajaolewa, hajazaa, asiguse. Daktari akilisema anamaanisha kitu kingine kabisa: matiti yenyewe yamemaliza kukua? Ukipunguza kwa msichana wa miaka 15 ambaye bado anakua, yanaweza kurudi kujaa na ukahitajika upasuaji wa pili. Kwa hiyo madaktari wengi hutaka kuona ukubwa haujabadilika kwa mwaka mmoja hivi, na wengi husubiri afike miaka 18 au aikaribie. Chini ya hapo mzazi ndiye anayesaini. Kuna hali adimu ambapo matiti huvimba kwa kasi ndani ya miezi michache ya kubalehe, na hapo kusubiri kunaweza kuwa ndiyo madhara. Umri kwenye cheti cha kuzaliwa, peke yake, haukujibu chochote. Mwanamke wa miaka 20 ambaye uzito wake unapanda na kushuka kila mwaka naye huambiwa asubiri.

Hatari zipo na binti aelezwe zote: ganzi ya chuchu, kidonda kuchelewa kupona, titi moja kutolingana na jenzake, makovu. Anayevuta sigara huambiwa aache kwanza, maana damu ikipita kwa shida hata chuchu inaweza kufa.

Dawa ilipooshwa nikajikuta nimekaa kando ya yule mama, sote tumefunikwa taulo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Yule binti hajakatwa, mama. Amepunguza."

Akanitazama kwenye kioo, akafikiri. "Haya, amepunguza. Sasa atanyonyesha?"

Nikamwambia hilo ndilo swali hasa. Wengi hunyonyesha baadaye, wengine maziwa hutoka kidogo, na wachache ambao chuchu ililazimika kutolewa na kupandikizwa upya hawatanyonyesha kabisa. Inategemea alivyopasuliwa, na daktari wake anajua. "Basi nitamuuliza mama yake," akasema. Nikamwomba, kama haoni shida, amuulize binti mwenyewe kwanza mgongo unaendeleaje.