Kupanda miti tarehe 5 Juni na dhana nyingine zinazonichosha

Kila Mei ikifika simu zinaanza. Mara mwalimu mlezi wa klabu, mara diwani, mara kijana aliyesajili shirika lake juzi tu, na wote wana wimbo mmoja: "Dada tunaomba miche, tunataka kupanda siku ya mazingira." Hii ndo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba kuongoza vijana kwenye mazingira ni kuchimba mashimo, kuita mgeni rasmi, fulana mpya, picha, halafu ripoti inaandikwa miti elfu moja imepandwa basi kazi imeisha.

Jamani. Tarehe 5 Juni iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972, hakuna aliyeangalia mvua za Iringa wala Mbeya. Huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba mwishoni au Desemba, Mei imeshakata, kwa hiyo mche wa Juni unaenda kukutana na kiangazi kizima, na kama uko Makete au Njombe au Mufindi kuna sakitu, mche unaungua kwa baridi kabla jua halijaanza kazi yake. Ukipona hapo shule zinafungwa mwezi huohuo, nani anamwagilia? Mazao yakishavunwa mbuzi na ng'ombe wanaachiwa, Septemba Oktoba moto kichaa unapita. Hata 1 Aprili, siku ya taifa ya kupanda miti, kwa huku naona tumeshachelewa. Panda Januari shule zikifunguliwa, ardhi imelowa na watoto wapo.

Alafu mti gani? Ukiomba "miche" tu unapewa milingoti (mikaratusi) au mipaini. Sina ugomvi na mipaini, Mufindi watu wamesomesha watoto kwa mbao, ila mlingoti usiupeleke kwenye chanzo cha maji wala pembeni ya kinyungu, yaani bustani ya bondeni, unakunywa maji hatari. Pale weka mivengi, miti ya asili ya mabondeni. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za chanzo, jambo ambalo klabu nyingi hazijawahi hata kupima kwa kamba, na hilo ndo somo lenyewe! Wape watoto kamba waende kijito cha kijijini, wapime, warudi na maswali kwa mtendaji.

Au chukua mto Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990 unakatika kiangazi, na sababu kubwa ni maji kuchepushwa kwenda kwenye mpunga wa bonde la Usangu, na kwa muda mrefu mifugo mingi ndani ya Ihefu, ardhi oevu ya hukohuko. Mtoto wa Mbarali, wilaya ya hukohuko Usangu, anatakiwa alielewe hilo, maana nyumbani kwao ni mpunga huohuo. Miti ya uwanja wa shule hairudishi mto. Mimi klabu ikiniomba miche nauliza kwanza ya mwaka jana iko hai mingapi, na hesabu naitaka ya Novemba, siyo ya siku ya kupanda. Wengine wananinunia, sawa tu.

Dhana nyingine za haraka haraka sasa. "Uanaharakati ni siasa, utawaponza watoto." Sheria hiyohiyo kifungu cha 4 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Mwanafunzi akiuliza kwa nini taka zinamwagwa mtoni hajaingia chama chochote.

"Plastiki iliisha 2019." Kilichopigwa marufuku 1 Juni 2019 ni mifuko ya kubebea, chupa zipo, angalia mtaro wowote pale Mwanjelwa mvua ikinyesha.

"Shirika lisilo la faida mfanye bure." Hapana. Maana yake ni kwamba waanzilishi hawagawani faida, mfanyakazi analipwa mshahara kama kawaida. Ila na nyie vijana mnaofungua mashirika mkidhani cheti kikitoka wafadhili wanapanga foleni, kinachofuata cheti ni ada na ripoti ya kila mwaka kwa Msajili wa mashirika, iwe mmepata hela au hamjapata, kwa hiyo tafuteni mtu anayejua mahesabu kabla hamjatafuta wa kuchora nembo.