Je, wajua? Unaweza kukumbuka kipindi ambacho hukuingia

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa kimoja cha profesa wetu wa theolojia. Umeme ulikatika akifundisha Injili ya Yohana sura ya 3, ile ya Nikodemo kumwendea Yesu, darasa likalipuka kwa kelele, naye akasema gizani: "Vizuri. Nikodemo naye alikuja usiku." Akaendelea kufundisha. Mimi nilikaa dirishani. Nilisikia hata chaki ikianguka.

Alipofariki, tulikutana wanafunzi wake wa zamani msibani Kinondoni, chini ya turubai, na karibu kila mmoja alikuwa na kisa hicho hicho. Huyu anasema profesa aliwasha mshumaa, yule koroboi, wa tatu anaapa hakuwasha kitu. Rafiki yake wa miaka mingi, ustadhi wa Magomeni waliyezoea kubishana naye kwenye kahawa, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Sanadi yenu iko wapi?" Yaani, nani alipokea kwa nani?

Tulicheka. Nilipofika nyumbani nikafungua daftari. Yohana 3 ipo, ila mwandiko si wangu. Siku ile nililala na malaria, mwenzangu akaninakilia.

Nilikuwa nikiamini kumbukumbu ni kama kaseti: ama imerekodi ama haikurekodi, na anayesimulia asichokiona ni mwongo tu. Nimewahi kumwita mtu mwongo kwa imani hiyo, na bado naona aibu. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alikwisha kuonyesha kwamba watu wakirudia hadithi huipanga upya ifanane na mambo waliyoyazoea. Kisha kuna chombo cha anga cha Challenger, kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986. Kesho yake asubuhi, watafiti Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, karatasi waandike walivyoipata habari ile. Baada ya miaka miwili na nusu hivi waliwauliza tena 44 kati yao. Kumi na mmoja hawakupatia hata kipengele kimoja, na wengi waliokosea walijibu bila wasiwasi wowote. Ni watu 44 wa chuo kimoja, kwa hiyo tusiwapimie wanadamu wote kwa kibaba hicho.

Sasa, hutokeaje? Fikiria stoo ya Kariakoo. Mzigo umo ndani, na juu yake kuna lebo ya ulikotoka. Mzigo ni mzito, haupotei ovyo. Lebo ni karatasi, hubanduka. Ubongo nao hutunza kisa vizuri kuliko unavyotunza jina la aliyekileta. Baadaye mwenye stoo anaukuta mzigo hauna lebo, basi anakisia kwa kuutazama: gunia la aina hii, kamba ya aina hii, huu ni wangu. Mtafiti Marcia Johnson ameeleza kwamba nasi tunakisia hivyo hivyo: picha ikiwa kali, yenye sauti na rangi, tunaamua kwamba tulikuwepo. Shida ni kwamba kila ninaposimulia naufungua mzigo, na nikiufunga tena nimeshatia kitu. Mwaka huu dirisha, mwaka ujao chaki. Picha inazidi kukolea kwa sababu ninaichora mwenyewe. (Majaribio mengi ya jambo hili hutumia orodha za maneno na picha, si visa vya msibani, kwa hiyo mfano wa stoo usiubebeshe zaidi ya hapo.)

Profesa mwenyewe angefurahi mno. Ndiye aliyetukataza kulainisha tofauti za Injili nne juu ya jogoo aliyewika Petro alipomkana Yesu: kwa Marko anawika mara mbili, kwa wengine watatu mara moja, nasi tukiomba jibu moja alikuwa akituuliza nani anamsimulia nani.

Nikampigia aliyeninakilia, siku hizi yuko Mbeya, anikatie shauri: mshumaa au koroboi? Alinyamaza kidogo. Kisha akasema na yeye siku ile alinakili kwa mwenzake.