Je, Wajua Kwa Nini Maji ya Blue Lagoon Huonekana ya Buluu?

Blue Lagoon ni bwawa la kuogea la maji ya moto nchini Iceland, mwendo wa kama dakika 20 kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Keflavík. Picha zake zimeenea dunia nzima: maji ya buluu iliyotiwa weupe, mvuke unaopaa, na miamba myeusi ya volkano pande zote. Anayeziona huuliza rangi ile imetoka wapi. Jibu ni silika, madini yaleyale yaliyo katika mchanga na kioo. Ila ili kuelewa silika imefikaje pale, lazima kwanza iondoke dhana iliyowakaa watu wengi, kwamba Blue Lagoon ni chemchemi ya asili.

Si chemchemi ya asili. Hakuna maji ya moto yaliyobubujika yenyewe mahali pale. Kabla ya miaka ya 1970 palikuwa uwanda mkavu wa lava iliyomwagika mwaka 1226. Mwaka 1976 kituo cha jotoardhi cha Svartsengi kikaanza kazi jirani na hapo. Visima vyake, vingine vyenye kina cha mita 2,000 hivi, huchota maji yenye joto la takriban nyuzi 240 za Selsiasi. Theluthi mbili ya maji hayo ni ya bahari, iliyopenya kwenye miamba ya rasi ya Reykjanes, na theluthi moja ni ya mvua.

Maji yenye chumvi na madini mengi namna hiyo hayawezi kupelekwa majumbani, kwa kuwa yangeziba mabomba. Kituo huyatumia kupasha maji mengine, safi na baridi, bila kuyachanganya, na hayo safi ndiyo yanayopasha joto nyumba za rasi ile. Mvuke nao huzungusha mitambo ya kufua umeme. Maji ya chumvi yanayobaki baada ya kazi hiyo yalimwagwa tu nje, juu ya lava.

Mafundi walitegemea yangezama. Lava imejaa nyufa na vitundu, na mvua kubwa ikinyesha juu yake hupotea mara moja. Lakini maji ya Svartsengi yalikuja na silika. Ikatuama chini, ikaziba nyufa moja baada ya nyingine, na dimbwi likaanza kutanda. Kwa hiyo silika imelitia bwawa rangi na pia imelijengea sakafu, kwani bila tabaka lile jeupe maji yangekuwa yanapotea ardhini hadi leo.

Mwaka 1981 mgonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka mekundu yenye magamba, alioga katika dimbwi lile na kusema amepata nafuu. Habari zikasambaa. Mwaka 1987 pakafunguliwa mahali pa kuogea kwa ajili ya umma.

Wapo wanaoshtuka wakisikia historia hii, wakaona wameuziwa maji taka. Hilo nalo ni kosa. Hakuna mafuta wala makaa yanayochomwa Svartsengi. Ni maji ya ardhini yaliyonyang'anywa sehemu ya joto lake, na hutiririka bila kukoma kiasi kwamba bwawa zima hupata maji mapya kila baada ya saa 40 hivi. Klorini haitiwi. Chumvi, joto na silika huwafanya bakteria wa kawaida washindwe kustawi humo, huku viumbe wachache waliozoea mazingira hayo wakiishi vizuri. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza aina mpya ya bakteria iliyopatikana katika bwawa hili. Fikiria hilo: bwawa lenye umri wa miaka ishirini tu, na tayari lina kiumbe ambacho sayansi ilikuwa haijakijua.

Isitoshe, chemchemi za asili zenyewe mara nyingi hazifai kuogea. Deildartunguhver, magharibi mwa Iceland, hutoa lita 180 za maji kila sekunde yakiwa na nyuzi 97, na ukitia mkono utaungua. Snorri Sturluson, mwandishi na mwanasiasa wa karne ya 13, alikuwa na bwawa lake la kuogea pale Reykholt, nalo lilijengwa kwa mawe na kuletewa maji ya chemchemi kwa mfereji. Kumbe hata miaka 800 iliyopita kuoga maji ya volkano kulihitaji kazi ya mikono. Sioni kwa nini bwawa la Svartsengi lidharauliwe kwa sababu hiyo.

Sasa rangi. Anayepika kaimati anajua tabia ya shira. Sukari nyingi huyeyuka katika maji kidogo mradi yachemke. Ukiendelea kuchemsha, maji hupungua kwa mvuke lakini sukari haipungui, na shira inazidi kuwa nzito. Ukiiepua ikapoa, yale maji machache hayawezi tena kuibeba sukari yote, na iliyozidi hurudi kuwa chembe. Silika hupitia njia hiyohiyo. Huko chini, penye nyuzi 240, maji huyeyusha silika kutoka kwenye mwamba. Yakipanda kisimani shinikizo hushuka, sehemu yake hugeuka mvuke na kwenda zake, na silika yote hubaki katika maji yaliyosalia. Kisha maji hupoa hadi nyuzi 38 hivi. Hapo yamebeba kuliko uwezo wake, na silika iliyozidi huanza kujikusanya.

Mpishi mzoefu hutia ndimu kwenye shira ili isirudi kuwa chembe. Baadhi ya vituo vya jotoardhi duniani nao hutia tindikali kwenye maji ya visima ili silika ichelewe kuganda ndani ya mabomba. Kemia ya sukari na ya silika si moja, kwa hiyo mfano huu usivutwe mbali zaidi ya hapo, lakini kero ya mpishi na ya fundi ni ileile.

Kuna tofauti moja ambayo ndiyo siri ya rangi. Silika haigeuki chembe kubwa kwa mkupuo. Huanza na vipande vidogo mno, vidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, ambavyo huelea bila kuzama. Mwanga wa jua ukivipiga, sehemu ya buluu hutawanywa kila upande kuliko sehemu nyekundu, na inayorudi machoni mwetu ni buluu. Ni kanuni hiyohiyo inayoifanya mbingu ya mchana kuwa ya buluu. Baadaye vipande hushikana, na chumvi ya bahari huharakisha jambo hilo. Vikishakuwa vikubwa hutawanya rangi zote sawasawa, vikaonekana vyeupe, kisha vikazama na kuwa lile tope ambalo wageni hujipaka usoni.

Ukiteka maji yale kwenye glasi, buluu huipati, bali weupe hafifu kama wa maziwa. Mwani nao umo, na wakati wa kiangazi unapostawi maji huelekea kijani kidogo, lakini buluu ya msingi si yake. Kina pia si sababu, maana bwawa halizidi mita moja na nusu. Hapo ndipo linapotofautiana na chemchemi ya Chemka, kule Kikuletwa karibu na Boma Ng'ombe nchini Tanzania, ambako maji ni maangavu hadi unahesabu mizizi chini, na buluu yake hutokana na maji yenyewe kumeza mwanga mwekundu. Ndani ya Blue Lagoon goti lako mwenyewe hulioni.

Kuhusu ngozi, tahadhari inafaa. Utafiti uliofanyika Iceland ulionyesha kuwa wagonjwa wa soriasisi walioogea maji haya pamoja na kutibiwa kwa mwanga maalumu walipata nafuu kuliko waliotibiwa kwa mwanga peke yake. Waliochunguzwa ni wachache, na katika tiba ya namna hiyo ni vigumu kutenganisha kazi ya maji, ya mwanga na ya mapumziko. Hilo haliyafanyi maji haya kuwa dawa ya kila ugonjwa wa ngozi.

Nchini Kenya, kampuni ya kufua umeme ya KenGen imejenga mabwawa ya kuogea huko Olkaria, karibu na Naivasha, yanayotumia maji ya visima vya jotoardhi, nayo yana buluu hiyohiyo yenye weupe. Uhusiano wa nchi hizi mbili si wa rangi tu. Programu ya mafunzo ya jotoardhi iliyoanzishwa Reykjavík mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa imefundisha Wakenya wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote.

Anayepanga kwenda Iceland ajue pia kwamba bwawa linategemea kituo. Visima vikisimama, maji mapya hayaji. Novemba 2023 wakazi wa mji jirani wa Grindavík walihamishwa, na tangu Desemba mwaka huo volkano imelipuka mara kadhaa karibu na hapo. Februari 2024 lava ilikata bomba kuu la maji ya moto kutoka Svartsengi, na maelfu ya watu wakakaa siku kadhaa za baridi kali bila joto majumbani. Novemba 2024 ikafunika maegesho ya magari ya Blue Lagoon. Kuta za udongo na mawe zimejengwa kukinga kituo na bwawa, na bwawa limefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Weka nafasi mapema, na ulizia hali ya volkano siku ile unayokwenda. Ukifika, utatakiwa uoge kwa sabuni bila nguo kabla ya kuingia, kama ilivyo desturi ya mabwawa ya umma ya Iceland. Wenye nywele ndefu wazipake krimu ya nywele na kuzifunga juu, kwani silika huzikausha zikawa ngumu kwa siku kadhaa.