Kwa nini injini za D4 zimepata jina baya?

Waulize wapenda magari ni injini gani mbovu kuliko zote, watakutajia nyingi, lakini ukiwa Dar es Salaam au Nairobi kuna moja haikosekani: D4. "Usinunue D4, ni kimeo," mtu anaambiwa kabla hata hajauliza bei. Hapo hapo anatokea mwingine anayeapa kwamba yake ina mwaka wa saba na haijawahi kufunguliwa hedi. Wote wawili huwa wanasema kweli, na ndiyo maana ubishi huu hauishi. Ukitaka kuumaliza inabidi uingie ndani ya injini yenyewe.

Kwanza, D4 si injini moja. Ni jina ambalo Toyota waliupa mfumo wao wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ulianza mwaka 1996 na injini ya 3S-FSE kwenye Corona Premio, ukaja kuenea na 1AZ-FSE ya lita 2, hii tuliyoizoea kwenye Noah, Voxy, Opa, Premio na Allion. Ile herufi S ndiyo inayobeba habari yote: 1AZ-FE ni ya kawaida, 1AZ-FSE ni D4. Toyota hawakuwa peke yao, kwa sababu mwaka huo huo wa 1996 Mitsubishi walitoa GDI kwenye Galant. Japani nzima ilikuwa inakimbizana kupunguza ulaji wa mafuta.

Sasa tofauti yenyewe. Kwenye injini ya kawaida nozeli imekaa nje ya silinda, kwenye njia ya hewa, na inapuliza petroli mgongoni mwa valvu. Valvu ikifunguka, hewa na petroli vinaingia vimeshachanganyika. Kwenye D4 njia hiyo inapita hewa tupu, na petroli inapulizwa ndani kabisa, kwenye chumba inakowakia. Hapo injini inaweza kukusanya petroli kidogo karibu na plagi na kuacha sehemu iliyobaki ijae hewa. Kwa kawaida gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa. 3S-FSE ikitembea taratibu iliweza kufika karibu gramu 50 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kwa mtu anayejaza tangi kwa hela yake, hilo ni jambo kubwa, na waliolibuni wanastahili heshima.

Ila petroli haikuwa inawaka tu, ilikuwa inaosha pia. Kila ilipomwagika mgongoni mwa valvu iliondoka na uchafu. D4 ikaondoa huo muosho, na papo hapo ikaleta uchafu mwingi zaidi. Kuunguza kwa hewa nyingi huzalisha oksidi za naitrojeni, na ili kuzipunguza injini hurudishiwa sehemu ya moshi wake yenyewe kupitia valvu ya EGR. Moshi huo una masizi. Unakutana na mvuke wa oili unaotoka chini ya injini, vyote vinagota kwenye valvu ya moto ambayo hakuna kitu cha kuiosha.

Fundi akivua manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) ya gari la namna hii lililotembea miaka mingi bila kusafishwa, unaona kwa macho. Shina la valvu, ambalo lilitakiwa kuwa jembamba na laini, limevaa ganda jeusi gumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Ukilichokoa na bisibisi linabanduka vipande vipande, na chini yake kuna utandu unaonata kama lami. Hewa iliyotakiwa kuingia kwa uhuru inajipenyeza pembeni. Basi asubuhi gari linawaka kwa kusumbua, likisimama kwenye foleni linatetemeka, linakosa sailensi (haliwezi kunguruma kwa utulivu bila kukanyagwa mafuta), mara linazima. Hapo ndipo hela inapoanza kuteketea: zinabadilishwa plagi, zinabadilishwa koili, inabadilishwa sensa, na vyote vilikuwa vizima.

Hili naomba likukae kichwani: dawa ya kusafishia nozeli unayomimina kwenye tangi haiwezi kuusafisha uchafu huo, kwa sababu petroli haipiti pale. Itasaidia nozeli, basi. Valvu zinasafishwa kwa kuvua manifoldi na kukwangua kwa mkono, au kwa mashine inayorusha maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa, ambayo yanabandua masizi bila kukwaruza chuma.

Kidonda cha pili ni pampu. Mfumo wa kawaida unasukuma petroli kwa bar 3 hivi, zaidi kidogo tu ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo. D4 inataka zaidi ya mara 20 ya hapo, kwani petroli inapaswa kuingia kwenye silinda ambayo tayari hewa yake imegandamizwa. Kwa hiyo kuna pampu ya pili, ya presha kubwa, imefungwa juu ya injini. Vipande vyake vimekaa kwa kubanana sana na vinalainishwa na petroli hiyo hiyo vinayoisukuma. Chembe ya mchanga inatosha kuvichora. Tone la maji linatosha kuanzisha kutu. Pampu ikichakaa presha inashuka, na kwenye hizi za zamani petroli inaweza kuvuja hadi kwenye oili. Oili ikishakuwa nyepesi namna hiyo, bearing za injini nazo hazina siku nyingi.

Na ni mafuta gani tulikuwa tunaipa pampu hiyo? Magari haya yalianza kumiminika huku kama mitumba wakati mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko petroli, na kuchanganya kulilipa. Neno "kuchakachua" lilishika midomoni mwa Watanzania kwa ajili ya mafuta kabla halijahamia kwenye kura na vyeti. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, wakaanza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya wachanganyaji. Kenya waliweka tozo yao ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, kwa sababu hiyo hiyo. Injini ya kawaida ikinyweshwa mchanganyiko huo inakohoa na kusonga mbele. D4 inaumia, kwa kuwa mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi na yanaacha masizi. Tabia yetu ya kuendesha mpaka taa ya mafuta iwake haisaidii, maana pampu ya ndani ya tangi inapozwa na mafuta yanayoizunguka.

Kuna na ugonjwa wa tatu ambao watu huubebesha D4, nao hauna uhusiano na nozeli: nyuzi za bolti za silinda hedi kwenye ukoo huu wa AZ. Bloku ni ya aluminiamu, na injini ikichemsha, nyuzi zilizo ndani ya bloku hung'oka, hedi inalegea, maji yanaanza kupotea. Hata 2AZ-FE, isiyo D4, ina tatizo hilo.

Bolti hizo zinanikumbusha injini ambayo Wamarekani huitaja mapema katika ubishi wao, nayo inatusaidia kupima ubovu wa kweli ukoje. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, General Motors walihitaji magari makubwa yasiyokunywa sana. Mwaka 1978 wakatoa Oldsmobile yenye injini ya dizeli, V8 ya lita 5.7. Ilichorwa kwa kufuata petroli yao ya ukubwa huo huo, ili itengenezwe kwa mitambo ile ile ya kiwandani. Bloku waliiongezea unene. Bolti za hedi wakaziacha kwa idadi na mpangilio ule ule wa petroli, wakati dizeli hiyo ilikuwa ikigandamiza hewa mara 22.5, na petroli ya enzi zile mara 8 hivi. Bolti zikavutika, gasketi zikapasuka, maji yakaingia kwenye silinda, na maji hayagandamiziki, kwa hiyo chuma ndicho kilichopinda. Juu ya hayo, hawakuweka kichujio cha kutenga maji kwenye dizeli. Wenye magari wakamimina spiriti kwenye tangi kupambana na maji hayo, kama walivyozoea kwenye petroli, na spiriti ikala sili za pampu. Injini iliondolewa sokoni mwaka 1985, na ikawaharibia Wamarekani hamu ya gari dogo la dizeli kwa miaka mingi. Cha kuhuzunisha ni kwamba ile bloku nene ilikuwa nzuri mno hivi kwamba wakimbiza magari waliitafuta wakajengee injini za petroli za mashindano.

Kwa kipimo hicho D4 siiiti mbovu. Dizeli ya Oldsmobile ilikufa hata kwa mwenye kuitunza. D4 inaishi kwa anayeitunza, lakini haisamehi. Lawama ya valvu, hata hivyo, ni ya haki, na Toyota wenyewe waliijibu kwa vitendo: mwaka 2005 walitoa 2GR-FSE yenye mfumo wa D-4S, ambapo kila silinda ina nozeli mbili, moja ndani na nyingine kule kule kwa zamani, mgongoni mwa valvu. Muosho ukarudi.

Ukiwa unataka kununua Noah ya miaka ile, nenda asubuhi na mapema, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kikiwa juu ya alama ya mwisho, au ukikinusa kikakupa petroli, rudisha ufunguo. Kikiwa safi, washa na usiguse akseleta. Weka kiganja juu ya dashibodi kwa dakika mbili, tatu, usikilize kama injini inatulia au inatetemeka, halafu umuulize muuzaji ni lini mara ya mwisho manifoldi ilivuliwa.